Mwalimu wa Deki na Binti Yake

Hospitalini alikofanya kazi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauguzi, wapishi, walinzi, hata daktari mkuu, wote walimwita Mzee Kioo, ingawa uzee wenyewe ulikuwa haujamfika sawasawa. Mvi zake zilikuwa za kutafuta kwa tochi na meno yote yalikuwa yake. Jina lilitokana na sakafu. Ile korido ndefu inayotoka mapokezi mpaka wodi ya wazazi, akiipiga deki yeye, mtu aliyepita asubuhi aliziona taa za darini zikimfuata miguuni. Muuguzi mmoja mwenye utani alisema siku hizi hana haja ya kubeba kioo kwenye mkoba, anainama tu. Utani ukashika, jina likaganda.

Alikuwa msimamizi wa watu wa usafi, na sifa yake kubwa haikuwa kupiga deki bali kufundisha wengine kupiga deki. Wanaoanza kazi walikuja wamenyong'onyea, wengi wao vijana waliotamani kazi nyingine wakaikosa. Yeye aliwapokea kama wageni waliokuja na zawadi. Kwanza aliwaonyesha mahali pa kunywea chai, ndipo akawaonyesha stoo ya ndoo na mafagio. Madoa aliyapa majina. Doa la chai iliyokauka aliliita mpangaji sugu. La dawa ya vidonda aliliita shemeji, kwa sababu ukimsindikiza leo, kesho utamkuta tena mlangoni. Mgeni akikosea, hakukunja uso. Alilichukua dekio, akapiga mstari mmoja taratibu, akamrudishia mwenyewe na kumwambia, "Haya, niige, halafu nizidi." Haukupita muda, wale wale waliokuja na nyuso za msiba wakawa wanagombania korido ndefu.

Hayo yalikuwa ya hospitalini.

Nyumbani alikuwa na mke, fundi cherehani mwenye kibanda chake karibu na kituo cha mabasi, na watoto wawili. Mkubwa alikuwa binti wa miaka minane, mwembamba mpaka mama yake akamwita Sindano, na jina hilo likamfuata mpaka shuleni. Mdogo alikuwa mvulana wa miaka mitano ambaye hakuna aliyehangaika kumtafutia jina la utani. Ukimwona tu, Kibonge linakuja lenyewe.

Mzee Kioo alitaka watoto wake waipende kazi. Alilisema hilo mara kwa mara, barazani na hospitalini, na alilisema kwa moyo. Aliwaona watoto wa majirani wakipiga kelele kuitiwa maji ya kunywa ilhali mtungi uko mbele yao, akaapa kwamba wa kwake hawatakuwa hivyo. Kasoro ni kwamba Sindano alipokuwa na miaka mitatu, na ufagio unamzidi urefu, akimfuata baba yake chumba hadi chumba akililia naye apewe afagie, baba alimwambia, "Hebu toka hapo, unanisambazia taka." Akikamata kitambaa kufuta meza, alinyang'anywa. Akichovya mikono kwenye beseni la vyombo, alibebwa akawekwa kitini. Kioo alikuwa na haraka, na alitaka kitu kikifanywa kifanyike. Mtoto akazoea kukaa kitini. Kisha siku moja, amefikisha miaka sita, akaambiwa sasa umekuwa mkubwa, shika ufagio. Na ile hamu ya miaka mitatu ilikwisha kuondoka bila mtu kuiona ikiondoka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda. Kwa kuwa hamu haikuwepo, Kioo aliona ni uvivu, na kwa kuwa aliona ni uvivu, akaingiza ukali. Sindano alifagia, baba akafagia tena nyuma yake. Aliosha vikombe, baba akaviinua kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Polepole kazi zikageuka kuwa adhabu, na kila kosa likapata kazi yake. Ukivunja kitu, unafagia uani. Ukimpiga mwenzako, unaosha masufuria. Ukisema uongo, unaosha viatu vya nyumba nzima. Kioo alijisifu kwamba kwake hapana fimbo. Na kweli hapakuwa na fimbo.

Halafu kulikuwa na ndoo. Ilianza Jumamosi moja, alipokuta sebule imepigwa deki ikaachwa na michirizi, na pembeni chini ya kabati vumbi limelowana likawa tope. Sindano alikuwa amesimama mlangoni na dekio mkononi, akingoja. Baba aliinua ndoo ya maji machafu, akaimwaga yote katikati ya sebule, akasema, "Anza upya." Mtoto hakulia. Aliinama akaanza upya. Kioo alipoona hakulia, akajiambia kwamba somo limeingia, na tangu siku hiyo ndoo ikawa inamwagwa kila deki isiporidhisha.

Mkewe hakulifurahia jambo hilo, na alisema. Alikuwa mwanamke asiyependa kurudia maneno, kwa hiyo alilisema mara moja tu, akiwa anauma uzi kwa meno.

"Baba Sindano, huyu mtoto hapigi deki. Anatumikia kifungo."

Mumewe alicheka, akamwambia fundi cherehani hashindwi kushona maneno. Mke akaendelea na uzi wake.

Sasa ikatokea kwamba mgongo wa Mzee Kioo ukamgomea. Alikuwa anateremsha pipa la sabuni kutoka kwenye gari la mizigo, kazi ambayo si yake, ila alikuwa anawaonyesha vijana namna ya kupinda magoti, na katika kuonyesha huko akasahau kupinda ya kwake. Kitu kikalia kiunoni kama ubao mkavu. Alirudishwa nyumbani kwa gari la wagonjwa la hospitali yake mwenyewe, jambo lililowafurahisha sana madereva, na daktari akaamuru alale chali mahali pagumu, asiiname wala asinyanyue kitu. Mkewe akamtandikia godoro jembamba sebuleni, chini, mlango ukiachwa wazi ili apate hewa. Kutoka hapo aliiona baraza nzima, na alisikia kila lililosemwa barazani.

Mtu wa kuhangaika akilazwa chali, hugeuka kuwa macho na mdomo. Kutoka godoroni aliona uvunguni mwa kabati, aliona utando wa buibui nyuma ya mlango, na kila alichokiona alikitaja. Mkewe alikuwa kibandani mchana kutwa, ilikuwa likizo ya shule, na watoto ndio waliokuwa naye. Sindano alimletea maji, alimletea dawa, alifuta alichoambiwa afute. Kibonge alijificha chooni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya siku chache wenzake wa kazini wakaja kumjulia hali. Walikuja wawili, mchana, wakiwa wametoka zamu. Mmoja alikuwa mlinzi wa geti kuu, mzee mwenye sauti nzito na maneno machache. Mwingine alikuwa dada wa usafi wa wodi ya wazazi, aliyefundishwa na Kioo mwaka uliotangulia. Wakavua viatu barazani, wakaingia, wakakaa, wakamtania kwamba sasa amekuwa kigae cha sakafu kweli kweli. Kioo akacheka mpaka mgongo ukamkanya. Alijisikia mtu tena. Akamwita Sindano alete chai, na mtoto akaleta, sinia limenyooka mikononi bila tone kumwagika. Mlinzi akamsifu. Baba akavimba kichwa godoroni pale pale.

"Watoto wangu ni watu wa kazi," alisema. "Hapa kwangu kazi inapendwa."

Yule dada akaitikia kwamba hilo si ajabu, kwa mwalimu kama yule. Akamgeukia Sindano, aliyekuwa bado amesimama na sinia tupu, akaanza kumsimulia, kama watu wazima wanavyosimulia mtoto sifa za baba yake ili baba asikie. Alisema kwamba siku yake ya kwanza kazini alikuwa anatetemeka. Alikuwa amekataliwa kazi kila mahali, na dekio hajawahi kulishika zaidi ya la kwao. Akajaza ndoo kupita kiasi, akajikwaa, na maji yote yakaenda korido nzima, maji machafu, wakati daktari mkuu anapita na wageni wake. Akasimama pale akingoja kufukuzwa.

"Unajua baba yako alifanya nini? Akavua viatu, akapandisha suruali, akaingia ndani ya yale maji. Akaniambia, 'Umetupunguzia kazi ya kuchovya. Sasa tuyasukume.' Tukayasukuma mimi na yeye mpaka mlangoni, tunashindana, anacheka kama mtoto. Daktari mwenyewe akacheka. Siku ile nilirudi nyumbani nikamwambia mama, nimepata kazi na nimepata watu."

Sindano alikuwa amesikiliza bila kupepesa. Alimtazama yule dada, akamtazama baba yake, kisha akauliza. Hakuuliza kwa shari. Aliuliza kama mtu anayetaka kulinganisha yake na ya mwenzake.

"Na wewe ulipokosea, alikumwagia ndoo mara ngapi?"

"Ndoo gani, mwanangu?"

"Ya maji machafu. Ili uanze upya."

Yule dada alianza kutabasamu, akidhani kuna utani wa nyumba ile asioujua. Akamtazama Kioo apate kuelezwa. Mlinzi hakutabasamu. Aliinamisha macho ndani ya kikombe chake kana kwamba chai ina maandishi.

Kioo alihisi joto likimpanda kutoka shingoni. Katika nafasi ile ndogo, kabla hajafungua mdomo, alikuwa na njia. Angeweza kunyamaza. Angeweza kukubali nusu, akasema, ndiyo, nina ukali wangu. Badala yake akacheka kicheko ambacho hata yeye hakukitambua, akasema, "Watoto bwana. Huyu anapenda kutunga hadithi, msimsikilize."

Sindano akamtazama. Si kwa hasira, wala kwa machozi. Alimtazama kama mtu aliyepewa maelekezo na anataka kuhakikisha ameyasikia vizuri. Kisha akaweka sinia mezani, akatoka.

Mazungumzo yakarudi, lakini yalirudi yakichechemea. Wakazungumzia mashine mpya ya kufulia, wakazungumzia muuguzi anayestaafu. Kutoka barazani ikasikika sauti ya maji yakimiminwa kwenye beseni, kisha sauti ya brashi. Kioo aliisikia asiitilie maanani. Baada ya muda mfupi wageni wakaaga, pengine mapema kuliko walivyokusudia, wakatoka kuvaa viatu vyao.

Hapo Kioo akasikia mlinzi akiuliza, kwa ile sauti yake nzito, "Mjukuu wangu, mbona unaosha viatu saa hizi?"

Aligeuza kichwa. Barazani Sindano alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni. Viatu vyote vya nyumba vilikuwa vimepangwa ukutani, vya baba, vya mama, vya Kibonge, makubadhi ya zamani ya kuendea chooni, na mwishoni mwa mstari viatu vya wageni, ambavyo alikuwa hajajua kama navyo vimo katika adhabu au la.

"Nimesema uongo," alijibu.

Yule dada alichukua viatu vyake, akavivaa vikiwa vimefunguliwa kamba. Mlinzi aliweka mkono kichwani kwa mtoto, akauacha pale kidogo, akaondoka. Hakuna aliyegeuka kumuaga tena mtu wa godoroni.

Mzee Kioo alibaki anatazama dari. Alitamani mgongo uvunjike kweli, apelekwe mbali. Amepata kuaibika katika maisha yake kama mtu yeyote. Amewahi kuanguka mbele ya watu, amewahi kukamatwa na neno lisilo sahihi mdomoni. Lakini aibu hizo zilikuwa na mtu wa kumlaumu au kitu cha kuchekea. Hii haikuwa na upande wa kushika. Mtoto alikuwa amesema kweli, baba akamwita mwongo mbele ya wageni, na mtoto, kwa utii ule ule aliofundishwa, akaenda kujihukumu mwenyewe. Hakubisha hata kidogo. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba alikuwa amemfundisha vizuri.

Brashi iliendelea. Alimwita. Akaja na mikono inayochuruzika maji.

"Acha viatu," alisema.

"Bado viwili."

"Acha, mama. Hukusema uongo."

Kibonge, aliyetoka alikokuwa amejificha, akaja akasimama nyuma ya dada yake.

"Mimi ndiye niliyesema uongo," Kioo alisema. Maneno yalitoka makavu kama makombo. "Ndoo niliimwaga. Nimeimwaga mara nyingi. Nikaona haya mbele ya wale watu, nikakusingizia."

Mtoto alifikiri. Usoni mwake palikuwa na kitu kama hesabu inayopigwa. Kisha akauliza, kwa unyofu uliomfanya baba yake afumbe macho, "Kwa hiyo utaosha wewe?"

Akasema ataosha. Akaagiza aletewe. Sindano akaleta beseni, akaliweka kando ya godoro, akaleta viatu viwili vilivyobaki, navyo vilikuwa vya Kioo mwenyewe. Kioo akageukia ubavu kwa shida, akashika brashi. Mtu aliyelala hawezi kuosha kiatu kwa heshima. Maji yakamwingia kwenye mkono wa shati, yakalowesha shuka, povu likamrukia jichoni. Kibonge akacheka kwa sauti, akaketi chini kabisa ili aone vizuri. Sindano hakucheka. Alitazama kazi ilivyokwenda, na ilipofika mwisho akanyoosha kidole kwenye kisigino.

"Hapa bado, baba."

Ilikuwa sauti yake yeye Kioo, mpaka kwenye ule utulivu wake. Akasugua kisigino.

Jioni mkewe aliporudi, Kioo alimsimulia yote, na hakujipunguzia. Alitarajia atakemewa, na alikuwa tayari kukemewa, maana kukemewa kungempunguzia mzigo. Mama Sindano alisikiliza huku akikunja nguo za watu. Alipomaliza kukunja akamuuliza swali moja tu: wale wageni je, nao amewaambia?

Hakuwa amewaambia. Aliporudi kazini, akiwa bado anatembea kama aliyemeza fimbo, hilo ndilo lililomkalia kooni. Walijua bila kuambiwa, alijua kwamba wanajua, na ingekuwa rahisi kuliacha lipite kama yanavyopita mengine. Akaliacha siku ya kwanza. Akaliacha siku ya pili. Aliwaona wakati wa chai, wamekaa kwenye benchi lao la kila siku nyuma ya jiko la hospitali, akaenda mpaka pale na kikombe chake, akasema hali ya hewa ni nzuri, akaondoka. Ilipofika siku nyingine akaenda tena, safari hii bila kikombe ili asiwe na pa kuficha macho.

Aliwaambia kwamba binti yake si mwongo. Mlinzi aliitikia kwamba walijua. Yule dada alichelewa kujibu.

"Mimi siku ile nilifika nyumbani chakula hakikushuka," alisema hatimaye. "Nilijiuliza, kwa nini mimi wa nje nilipata kile kicheko, na yeye wa ndani akakosa?"

Kioo alikuwa amejiuliza swali hilo hilo godoroni na jibu lililokuja halikumpendeza: hospitalini alikuwa akitazamwa. Kila kicheko chake kilikuwa na shahidi, na kila subira yake ilirudi kwake ikiwa sifa. Nyumbani hapakuwa na wa kumsifu kwa kumvumilia mtoto. Yule dada aliendelea kumsalimia kwa adabu, ila kwa muda mrefu hakukaa naye benchi moja, na wageni wapya walipokuja kufundishwa, huku yule dada yupo karibu, Kioo alijikuta anaruka utani wa shemeji. Ulimshinda kutoka mdomoni.

Nyumbani aliziondoa kazi kwenye makosa. Alitangaza hivyo, watoto wameketi mbele yake. Kuanzia sasa akivunja mtu kikombe, tutaokota vipande pamoja na basi. Kazi za nyumba zitafanywa na wote, kwa wakati mmoja, Jumamosi asubuhi, na kila mmoja atachagua anayoitaka. Kibonge alichagua deki papo hapo. Deki ya Kibonge ilikuwa maafa. Alimwaga sabuni nyingi, akavua shati, akateleza kwa tumbo kutoka mlango mpaka mlango, na baba yake, ambaye ulimi ulikuwa unamuuma kwa kuung'ata, akashika dekio akamfuata nyuma akisukuma maji. Haikupita miezi mingi, Kibonge akawa anaamka Jumamosi kabla ya kila mtu, akibisha mlango wa wazazi kuuliza kama leo ndiyo ile siku. Mtoto wa miaka mitano husamehe kabla hujamaliza kumwomba.

Sindano alikuwa jambo jingine. Alipoambiwa achague, alichagua vyombo, na aliviosha haraka, vizuri, kimya. Hakuna kikombe ambacho hakikung'aa. Akimaliza alikuja kusimama mlangoni, mikono nyuma.

"Baba, njoo ukague."

Alimwambia hakuna kukagua tena, amekwisha kumwamini. Binti akaitikia, "Sawa, baba," lakini hakuondoka. Alisimama pale pale akingoja. Ikabidi baba anyanyuke, aende jikoni, atazame vyombo, aseme vizuri sana, ndipo mtoto aende kucheza. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata. Alijaribu utani wake wa hospitalini. Akaviita vijiko wanajeshi, akaliita sufuria la uji mkuu wa kikosi. Sindano alitabasamu. Lilikuwa tabasamu ambalo Kioo alilifahamu vizuri, maana hata yeye hulitoa daktari mkuu anapotania.

Siku moja alitoka kazini mapema, akapitia kibandani kwa mkewe ili warudi pamoja. Kabla hajafika mlangoni alisikia mtu anaimba. Si wimbo wa kujulikana. Ulikuwa wimbo wa kutungwa hapo hapo, unaohusu vifungo, vikubwa ndio baba zao, vidogo ndio watoto, na kimoja chenye tundu moja lililovunjika ambacho hakuna anayetaka kukaa nacho. Akachungulia. Sindano alikuwa chini ya meza ya kukatia, anafagia vipande vya vitambaa, anaviteua kwa rangi, vifungo vilivyoanguka anavitupia kwenye kopo kutoka mbali, na kila kinachoingia anakishangilia kwa ubeti. Mama yake, mguu kwenye cherehani, alikuwa anamwitikia bila kuinua macho. Hakuna aliyekuwa ameamrisha chochote.

Sindano akamwona baba yake. Wimbo ukakatika. Akatoka chini ya meza, akajikung'uta gauni, akaanza kufagia ule ufagiaji wa nyumbani, wa mistari iliyonyooka.

Kioo alisema amesahau kitu, akarudi nje. Alisimama nyuma ya kibanda, palipokuwa na masanduku matupu ya mbao, huku watu wanapita kuelekea mabasini. Alikuwa amewatia hamu ya kazi watu wengi asioweza kuwakumbuka wote, na mtoto wake mwenyewe aliipenda kazi, aliipenda kabisa, ilimradi baba asiwepo. Alikaa pale mpaka cherehani iliponyamaza.

Jumamosi iliyofuata, walipomaliza za nyumbani, alikwenda kibandani akavua kofia mlangoni. Akamwambia mkewe anatafuta kazi. Mke akamtazama juu mpaka chini, akauliza anajua nini. Akasema hajui kitu. Mama Sindano akanyoosha mkasi kuelekea chini ya meza, akasema wanaoanza kazi hupokelewa na yule.

Sindano hakuelewa kama ni mchezo au la, na baba hakumkonyezea jicho ili ajue. Aliketi kwenye kigoda, akasubiri. Hatimaye binti akachukua shati la shule la mteja, akamwonyesha mahali palipokosa kifungo, akamtungia uzi kwa sababu baba mwenyewe alilikosa tundu la sindano kila alipolijaribu. Alimwelekeza kwa sauti ndogo. Juu, chini, juu, chini, usivute sana.

Mikono ile iliyojua kila aina ya dekio ilikuwa migumu kama mbao. Alijichoma, akaendelea. Jasho lilimtoka katika kazi ambayo mkewe huifanya huku akizungumza na mteja. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, kama alivyomwona mkewe akikata, akampa binti shati. Ndipo wote wawili wakaona kwamba kifungo kimekaa, tena kimekaa kwa nguvu, ila mfuko wa shati umeshonwa pamoja nacho na haufunguki tena.

Sindano alilishika shati, akalitazama. Alilitazama kwa muda. Kioo, mtu mzima, baba wa nyumba, alikuta macho yake yanang'ang'ania uso wa mtoto wa miaka minane kutafuta dalili. Hakujua kama kungoja ni kurefu hivi. Kwa mara ya kwanza alijua alichokuwa akimfanyia binti yake pale mlangoni mwa sebule, na aibu ikamrudia yote, nzima, kama vile hata tone halikuwa limepungua.

"Si mbaya," Sindano alisema. "Tunafumua hapa tu. Nitakushikia."

Akamsogelea, akaupanua mfuko kwa vidole vyake vyembamba ili uzi uonekane. Baba yake akainamisha kichwa karibu kabisa na shati, karibu zaidi ya ilivyohitajika, akaanza kufumua.